Mama na Zamu ya Redioni

Mama yangu ni mtu wa zamu. Ukitaka kumjua, mfuate hospitalini Msambweni siku ya kliniki ya presha. Hufika pale kwenye benchi, huamkiana na watu, kisha huuliza, "Wa mwisho ni nani?" Akishamjua wa mwisho, basi ametulia. Atazungumza na kila mtu habari za wajukuu na bei ya mihogo, lakini jicho moja halimtoki yule aliye mbele yake. Siku moja bwana mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, alijipenyeza mlangoni kwa daktari. Mama akamwita kwa upole, "Baba, njoo ukae. Na sisi hatukuja kutazama mlango." Yule bwana alirudi, akakaa, na kabla hajaitwa walikuwa wamekwisha kuwa marafiki.

Nayaeleza haya mapema ili msije mkamcheka vibaya. Mcheke kwa kumpenda, kama ninavyomcheka mimi.

Nyumba yake iko Gazi, karibu na mikokoni. Ni nyumba ya udongo na fito, ukuta umekandikwa vizuri, na juu ni makuti. Mimi naishi Ukunda, njia ya kwendea Bongwe, nashona madera na sare za wafanyakazi wa hoteli. Mama naye ni mshonaji, ila yeye hushona makuti. Hukaa upenuni kwenye kigoda, miguu kainyoosha, huchukua majani makavu ya mnazi moja baada ya jingine, huyapinda juu ya ufito na kuyafunga kwa kamba nyembamba, mpaka kuti limetimia. Vidole vyake havihitaji macho. Ndiyo maana masikio yake huwa na nafasi, na masikio yale kayapa redio. Redio yenyewe imefungwa mpira wa baiskeli isiachane, inaning'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake tangu asubuhi hadi alasiri.

Makuti anayoshona huenda njia mbili. Mengine huyauza kwa mwenye lori anayekuja kuyachukua kwa ajili ya hoteli za Diani. Mengine huyaweka nyuma ya nyumba kwa ajili ya mweria. Mweria ni ile kazi ya kusaidiana ambayo wanawake wa kwetu wamekuwa nayo tangu wakiwa wake wapya. Zamani walilimiana mashamba. Sasa migongo imechoka, wamebaki kuezekeana. Kila mwaka, kabla ya masika, nyumba ya mmoja wao huezuliwa na kuezekwa upya. Mwenye nyumba hutakiwa awe ameweka makuti ya kutosha upande mmoja wa paa, na wenzake kila mtu huja na tita lake ili upande wa pili utimie. Wanaume hupanda juu kufunga, wanawake hupika, na jioni mwenye nyumba analala chini ya paa jipya linalonuka mnazi. Mwaka unaofuata ni zamu ya mwingine. Hakuna aliyeandika utaratibu huo popote. Kila mmoja anajua yuko baada ya nani, na asiyekuwa na makuti yake tayari hupelekwa mwisho.

Mwaka ule ilikuwa zamu ya Mama. Na kwa kweli ilikuwa imefika wakati wake, maana paa lake lilikuwa limekuwa jeusi na kulegea, na mchana jua lilipenya likachora miduara sakafuni. Mwenyewe alikuwa akiifanyia mzaha. Akiwa na mgeni humwambia, "Sogea kidogo, hapo umekaa juu ya jua langu."

Siku niliyoanza kuingiwa na wasiwasi nilikuwa nimempelekea samaki. Nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kuni, nikatazama mahali pa makuti. Yalikuwa machache. Nilijiambia labda ameyahamisha. Nilimuuliza, akasema bila kuinua macho, "Mwenye lori alikuja na bei nzuri, nikampa kidogo. Nitashona mengine." Nilipokuja tena, rundo lilikuwa limepungua zaidi, na masika yalikuwa yanakaribia.

"Mama," nikamwambia, "bandu bandu humaliza gogo."

"Na haba na haba hujaza kibaba," akanijibu. "Kaa, ule."

Haba na haba ya wapi tena? Sikuelewa. Nilikula mihogo yangu nikiwa nimevimba. Mimi na hasira ni pua na mdomo, na Mama anajua, kwa hiyo alinihadithia habari za kuku wake mpaka nikaondoka.

Jibu nililipata siku ya Jumapili, adhuhuri imekwisha kuswaliwa. Nilikuwa nataka kumwambia jambo kuhusu dawa zake za presha, akanyanyua kidole. "Ngoja kwanza, mwanangu. Nyamaza kidogo." Akaongeza sauti ya redio. Kuti alilokuwa akishona akaliweka kando, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mtu wala kwa mvua. Simu yake ndogo ilikuwa mapajani, kaifunika kwa viganja viwili.

Mtangazaji alikuwa akipayuka. Akasema leo bahati ni ya nani, leo simu inalia kwa nani, na kama hujatuma, tuma sasa hivi. Kisha tukasikia simu ikiita redioni, na mama mmoja wa Mackinnon Road akaitikia, akaambiwa ameshinda, akalia kwa furaha mpaka maneno yakampotea.

Mimi nilikuwa namtazama mama yangu. Nilitarajia atasononeka. Badala yake alitabasamu, akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi. Amengoja yule maskini. Haya, amepungua mmoja."

"Amepungua wapi?" nikauliza.

"Mbele yangu."

Nikamwomba anieleze polepole. Akanieleza kama anayemweleza mtoto. Kuna mchango, akasema, wa redio. Unatoa kidogo kwa simu kila siku, na watu wengi wanatoa, na kila siku mmoja anapewa cha wote. Yeye alikuwa ameanza kutoa tangu vuli. Alikuwa hajakosa, hata siku aliyokuwa na homa. Siku ambayo hana, humuuzia mwenye lori makuti. Na alikuwa akisikiliza kwa makini watu wanaoitwa, kwa sababu kila anayeitwa ni mmoja aliyetangulia kuingia kabla yake. "Kuacha sasa ni ujinga," akasema. "Nimetoa muda wote huu, halafu niondoke zamu yangu ikiwa imekaribia? Aichukue nani?"

Ndugu zangu, nilifoka. Nilimwambia hiyo ni kamari, nikamwambia ni haramu, nikamwambia mzee mzima, unaswali swala tano na mkono wako uko kwenye kamari. Nikamwambia hakuna mchango wala zamu, wanakula jasho lako. Nikamwambia paa lako limo ndani ya ile redio. Maneno yalitoka kama maharagwe kwenye gunia lililopasuka.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?" akauliza. Kisha akachukua kuti lake. "Kamari ni karata na vijana wanaobishana habari za mpira huko Ukunda. Mimi natoa mchango. Nimekuwa kwenye mweria tangu wewe hujazaliwa, mwanangu, hutanifundisha mchango." Aliumia, niliona. Si kwa sababu ya pesa. Aliumia kwa kuambiwa kwamba hajui kitu ambacho amekijua maisha yake yote.

Nilifika nyumbani nikiwa bado nachemka. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka kazini, ni mpishi katika hoteli moja ya Diani, amekaa barazani anakunywa chai. Nikamweleza. Nilitarajia ashtuke. Akaanza kuzungusha kikombe.

"Ulijua," nikamwambia.

"Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kutuma," akasema.

Sikuamini masikio yangu. Akanieleza kwamba ile vuli, tulipokwenda Gazi kumjulia hali, Mama alimwita pembeni akamwomba amsaidie kutuma. Alijua ni mchezo wa kubahatisha. Lakini yule ni mama mkwe wake. Kwetu, mkwe humkalii kiti kimoja, humtazami usoni ukamwambia "hapana", sembuse kumkemea. "Ningemkatalia vipi?" akasema. "Ningeanzia wapi? Shikamoo mama, unacheza kamari?"

Nilimrushia kitambaa cha jikoni. Lakini alikuwa na haki yake, na mgala muue na haki yake umpe.

Mume wangu mwenyewe hucheza, siwafichi. Jumamosi huweka ubashiri wake wa mpira, na anachoweka ni kile ambacho angenunulia kahawa na kashata. Amejiwekea utaratibu wake: kabla ya mechi, si baada, ikiliwa, imeliwa, haifuati kwa nyingine, na siku akiwa na hasira au amegombana na mimi, haweki kabisa. "Nikiweka nikiwa na hasira," aliwahi kuniambia, "nitaweka ili nimkomoe mtu, na anayekomolewa ni mimi." Kuna mwezi mmoja alijiona anaamka asubuhi na kitu cha kwanza ni kutazama matokeo ya nchi asizozijua, akafuta kila kitu kwenye simu, akakaa bila mchezo mpaka Ramadhani ikapita. Mimi sipendi hata hicho kidogo, na tumekubaliana kutokukubaliana.

Usiku ule sikumsemesha. Asubuhi akaniambia jambo, na nililiona ni la maana ingawa nilikuwa bado nimenuna. "Wewe unamwambia ni haramu. Yeye hajisikii yumo kwenye haramu, kwa hiyo hasikii. Yeye anajua yumo kwenye zamu. Basi muulize yuko baada ya nani."

Nilirudi Gazi siku ya pili yake. Njiani nilijiapiza nisifoke. Nilimkuta Mama amenipikia wali wa nazi, na hakuniambia kwa nini amepika wali siku ya kazi, na mimi sikuuliza. Tulikula. Kisha nikamwambia, "Mama, naomba radhi kwa kelele. Nataka nikuulize tu. Katika huo mchango, wewe uko baada ya nani?"

Alianza kukusanya sahani. "Hawajasema," akasema.

"Hukuuliza wa mwisho ni nani?"

"Ningemuuliza nani? Ni redio." Akafikiri. "Lakini wana nambari ya kupiga. Wanaitaja."

"Basi tupige."

Alijitengeneza mtandio kichwani kana kwamba yule atakayeitikia atamwona. Nikapiga kwa simu yake, nikaweka sauti juu, nikamwachia yeye. Aliyeitikia alikuwa kijana, na kwa matamshi yake niliona si wa pwani.

"Hello, mama, nikusaidie aje?"

"Hujambo, mwanangu. Umeshindaje? Wazee nyumbani hawajambo?"

Nadhani haikuwa kawaida yake kuulizwa hivyo. "Wako sawa, mama. Asante."

"Alhamdulillahi. Mimi nakupigia kutoka Gazi. Nimo katika mchango wenu tangu vuli, sijakosa. Naomba unitazamie zamu yangu. Nipo baada ya nani?"

"Baada ya nani aje?"

"Katika zamu. Aliye mbele yangu ni nani?"

Yule kijana, Mungu ambariki, hakucheka. Akasema polepole, "Mama, hapa hakuna line. Kompyuta inachagua tu mtu. Ukituma leo, ni ya leo. Kesho tunaanza upya."

"Na nilizotoa jana?"

"Za jana zilienda na jana, mama."

"Na za tangu vuli?"

"Hata hizo."

Mama aliitazama simu. Upepo ulikuwa ukitikisa majani makavu aliyokuwa ameyatandaza uani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Yaani wale wote walioitwa, hawakuwa mbele yangu?"

"Hapana, mama. Wengine walituma siku hiyo hiyo."

"Na nyuma yangu je? Hakuna mtu?"

"Hakuna mtu, mama."

Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka, nasema kweli. Kwa sababu nilifahamu kwamba mama yangu alikuwa amekaa upenuni peke yake miezi yote ile akidhani amekaa na watu. Mbele yake watu, nyuma yake watu, wote wanasogea kidogo kidogo, na yeye akiwafurahia mmoja mmoja wanapofika. Alikuwa akiwaombea dua. Yule wa Mackinnon Road, Mama aliwahi kumtaja hata baada ya swala.

Mama akakohoa. "Unaweza kunifuta?"

"Ndiyo, mama, naweza kuizuia nambari yako isikubaliwe tena. Lakini lazima useme wewe mwenyewe."

"Nasema. Nifute, mwanangu. Na ukisikia mwingine mwenye sauti ya kizee kama yangu, mwambie na yeye hakuna zamu. Usingoje mpaka aulize." Akamwombea heri, akawasalimia wazee wake, akakata simu. Kisha akasema neno moja ambalo sikulitarajia kutoka kinywani mwake. "Washenzi," akasema. Halafu, "Astaghfirullahi. Si yule mtoto. Yule ana adabu."

Msidhani yaliisha pale. Saa ile ya mchezo ilikuwa imemwingia mwilini. Alinieleza mwenyewe kwamba ikifika baada ya adhuhuri viganja vinamwasha, na masikio yanataka ile kelele, na moyo unamwambia labda leo. Aliihamisha redio kutoka upenuni akaipeleka jikoni, ambako moshi haumruhusu kukaa. Akamwomba jirani yake wa upande wa mikoko awe anakuja saa ile waketi washone pamoja, bila kumwambia sababu. Na mwenye lori akamwambia malipo yake yawe ya mkononi, yasiingie tena kwenye simu, kwa sababu pesa iliyo kwenye simu, anasema, haina miguu lakini inakimbia.

Na bado aliteleza. Siku moja aliazima simu ya yule jirani akasema anataka kunipigia mimi, akatuma. Jioni akanipigia kweli, kwa simu yake. "Nimefanya," akasema. "Mkono ulikwenda wenyewe." Nilihisi kichwa kinapanda moto. Lakini kabla sijafungua mdomo akaongeza, "Na mara hii nilijua hakuna mtu mbele yangu, nikatuma hivyo hivyo. Kumbe ndiyo kamari hiyo." Nikacheka, naye akacheka, na baada ya kucheka sikuweza tena kufoka. Kesho yake alimweleza jirani ukweli, akamwambia akimwomba simu tena amnyime. Jirani akamnyima kwa furaha, hata alipokuwa anataka kumpigia fundi baiskeli.

Ikabaki habari ya paa. Siku ya wanamweria kukutana ilikuwa imekaribia, na rundo nyuma ya nyumba halikuwa hata nusu ya kile kilichotakiwa. Mimi nikawa na shauri langu. Nilimwambia nitanunua makuti Msambweni, yaletwe alfajiri, yapangwe nyuma ya nyumba, na wenzake wakija watayakuta. Hakuna atakayejua. Mvua ikianza, mama yangu yuko chini ya paa jipya. Kwangu jambo lilikuwa jepesi hivyo.

"Unataka niwadanganye?" akauliza.

"Nataka usinyeshewe."

"Watayashika, wewe. Wale wataona mkono si wangu. Kila mtu ana fundo lake." Akamimina chai. "Na hata wasingeona. Nimetoka kuibiwa zamu, sasa na mimi niwaibie?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimwambia una presha, mifupa inakuuma, masika si mchezo. Nilimwambia aibu ya kusimama mbele ya wanawake wenzako na kusema ulikuwa unapeleka makuti ya mweria kwenye kamari utaiweka wapi. Akasema aibu yake anaijua mahali pake. Nilikasirika, nikashona madera mawili usiku ule kwa hasira, na yote mawili ilibidi niyafumue.

Walikutana Ijumaa baada ya swala, uani kwa mmoja wao. Nilikwenda naye. Wanawake walikuwa wameketi kwenye majamvi, wengine na wajukuu mapajani, kahawa ya tangawizi inazungushwa. Walipofika kwenye habari ya paa la mwaka ule, macho yakamgeukia Mama. Akasimama. Alikuwa amevaa leso mpya, na nilijua ameivaa makusudi ili asionekane kama mtu wa kuhurumiwa.

Akawaeleza. Hakuzunguka. Alisema aliona kama ni mweria wa watu wengi zaidi, wa watu wa mbali, akaingia. Akasema makuti yaliyokuwa ya kuezekea ameyauza. Akasema amekwisha kuacha, na ameteleza mara moja, na ameacha tena.

Halafu mmoja wao, binamu yake, mtani wake tangu utotoni, akaweka kikombe chini. "Kwani hiyo redio," akauliza, "ingekuja kukuezekea? Ina mikono?"

Kicheko kilianza upande mmoja kikazunguka jamvi zima. Mama mwenyewe alicheka mpaka akalazimika kukaa. Mwingine akasema yeye pia amewahi kutuma, mara kadhaa, ila hakuwahi kudhani ni zamu, alidhani ni sadaka. Wakacheka tena. Nilikuwa nimekuja nimekunja ngumi kwa ajili ya kumtetea mama yangu, na sikupata wa kumpiga.

Waliposhiba kucheka, mkubwa wao akasema hakuna neno, kila mtu ataongeza tita, zamu ibaki kwa Mama. Wengi wakaitikia. Mimi nikapumua. Nikasema moyoni, haya, imekwisha, paa limepatikana.

Mama akatikisa kichwa. "La," akasema. "Asiye na makuti hupelekwa mwisho. Ndiyo kanuni, na mimi ndiye niliyeisema mwaka ule mwenzetu mmoja alipokuja mikono mitupu. Mnakumbuka. Aliyekuwa baada yangu ni nani?"

Aliyekuwa baada yake ni yule jirani wa upande wa mikoko, yule yule aliyemnyima simu. Alijaribu kukataa, Mama akamnyamazisha. Na siku ya kuezeka nyumba ya jirani, Mama aliwaita vijana wakabeba makuti yote yaliyokuwa yamebaki nyuma ya nyumba yake, akayapeleka kama tita lake. Nilisimama mlangoni nikitazama mahali pale pakibaki patupu. Nilikuwa nimekasirika.

Masika yalikuja kwa nguvu. Nilikwenda kumtazama mara tu barabara ilipopitika, na nikamkuta amehamishia kitanda kwenye pembe pekee isiyovuja. Sufuria, ndoo na beseni vilikuwa vimetapakaa ndani, kila kimoja kikipokea tone lake kwa sauti yake. Redio ilikuwa jikoni, kaifunga kwa mfuko wa plastiki, kimya. Mama alikuwa ameketi kwenye ile pembe kavu anashona makuti. Nyuma yake rundo jipya lilikuwa limeanza kuinuka, limeegeshwa ukutani.

Niliketi karibu naye nikaanza kumpa majani. Kwa mlango ulio wazi tuliona paa la jirani, la rangi ya dhahabu, maji yakiteleza juu yake bila kushika. Tone likanidondokea shingoni. Nikaanza. Nikamwambia angalia sasa, lile lingekuwa lako. Nikamwambia kiburi hicho. Nikamwambia unajua utangoja mpaka lini? Wako wangapi mbele yako?

Hakukasirika. Akaanza kuwataja, mmoja mmoja, kwa kuinua kidevu kuelekea nyumba zao. Yule mwenye mbuzi. Kisha yule aliyefiwa na mumewe. Kisha binamu, yule mtani, "na lake lina hali mbaya kuliko langu, ila anaringa." Aliendelea hivyo mpaka akafika. "Kisha mimi," akasema.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Na kama hutafika?"

Akafunga fundo, akalikaza kwa meno kama afanyavyo siku zote. "Ndiyo maana nilikwambia hutanifundisha mchango," akasema. "Huku zamu haifi. Nikitangulia mimi, watakuja na matita yao, watakuezekea wewe."

Akanitazama kidogo, kisha akainua kidole kuonyesha katikati ya chumba.

"Kaimwage ile ndoo," akasema, "imejaa."